Kiharusi Kiliniachia Mafi

Neno moja tu ndilo lililobaki kinywani mwangu, na wala halikuwa la kwetu. Mimi ni Mkenya wa upande wa magharibi. Nililelewa kwa Kiluhya na Kiswahili, nikasomeshwa kwa Kiingereza, na Kiarabu cha Juba nilikiokota sokoni nikiwa mtu mzima, kipande leo, kipande kesho. Kiharusi kilipopita kilizoa lugha nilizozaliwa nazo pamoja na ile niliyochapiwa viboko shuleni, kikaniachia kipande kimoja cha sokoni. Mafi.

Maana yake hakuna. Ukiingia dukani Juba ukitaka sukari, unauliza, "Sukar fi?" Ikiwepo, mwenye duka anajibu, "Fi." Isipokuwepo anasema, "Mafi," na mara nyingi hata hainui macho kutoka kwenye simu yake. Watu hunionea huruma nikiwaeleza kwamba hilo ndilo nililobaki nalo. Wasinionee. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua neno moja la kuishi nalo, sijui kama ningepata lenye meno kuliko hilo.

Kazi yangu ni ususi. Nilikuwa na saluni Gudele, kando ya barabara, chumba cha mabati chenye kioo kirefu na viti viwili, pamoja na chumba cha kulala kwa nyuma. Nilishirikiana na Mganda mmoja, yeye kiti cha dirishani, mimi kiti cha mlangoni. Kiswahili chake ni cha Kampala, hakijali ngeli hata kidogo, nami nilizoea kumtania kwamba anaisuka lugha kama mtu aliyefumba macho. Yeye alinijibu kwamba wateja wanalipia kichwa, hawalipii mdomo.

Siku hiyo nilikuwa namsuka mama mmoja aliyekuwa anajiandaa kwa harusi ya mwanawe. Nilikuwa nimefika kisogoni, sehemu ninayoipenda, kwa sababu hapo mteja huwa ameacha kulalamika na ameanza kusinzia. Chanuo likanianguka. Nikainama kuliokota, mkono wa kulia ukakataa. Haukuuma. Ulining'inia tu begani kama mzigo wa mtu aliyeniomba nimshikie kidogo. Nikataka kumwambia mwenzangu aje aone kioja hiki, nikasikia sauti yangu ikitoka, lakini maneno hayakuwemo.

Saluni ikageuka baraza la madaktari. Huyu akasema ni malaria, yule akasema ni taifodi, maana kwetu Juba ugonjwa wowote sharti uanze kwa kuwa mmoja wa hao wawili. Mama wa harusi, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima, akaamua sukari imeshuka, niletewe soda. Ikaletwa, nyekundu, ya baridi. Ikaingia upande wa kushoto wa mdomo, ikatokea upande wa kulia, ikanichafulia blauzi. Wakanilaza kwenye mkeka nipumzike. Nikapumzishwa mpaka jua likafika utosini, ndipo mwenzangu alipoinama akaona uso wangu umelala upande mmoja. Alitoka mbio akasimamisha gari kwa kujitupa mbele yake.

Nitalisema hili bila upole, kwa sababu upole haukunisaidia. Uso ukianguka upande mmoja, mkono ukiwa mzito, maneno yakivurugika, hesabu kwamba ni kiharusi mpaka daktari akatae. Usitafute soda. Usimpe mtu huyo chochote cha kumeza, maana kinaweza kushukia mapafuni. Usimwambie apumzike. Ubongo uliokosa damu haupumziki, unakufa, na kadiri mnavyokaa kumhurumia ndivyo unavyozidi kufa. Wale wanawake nawapenda, lakini mkeka wao sijausamehe.

Hospitalini walisema mshipa umeziba kichwani, na presha yangu ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima upya akidhani mashine imeharibika. Kisha akaniuliza jina. Nikafungua mdomo nimpe jina langu lote, la ubatizo na la ukoo.

"Mafi," nikasema.

"Hana jina?" akamuuliza mwenzangu.

"Jina iko," mwenzangu akajibu huku analia. "Mtu pia iko. Ni mdomo tu nakataa."

Msidhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Ndani ya kichwa kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilikijua kijiko kuwa kijiko, na nililiona neno lenyewe limekaa pale, nikalinyemelea, nikafungua mdomo kulitoa, likatoka mafi. Unataka maji? Mafi, na koo limenikauka. Unasikia baridi? Mafi, huku natetemeka. Umelala vizuri? Mafi, na hilo kwa bahati lilikuwa kweli.

Kina mama wa ushirika wetu wakaja kuniombea. Kiongozi wao ana sauti ya kupasua bati. Aliniwekea mkono kichwani akauliza, wodi nzima ikisikia, kama ninaamini nitapona. "Mafi." Akauliza tena kwa sauti ya juu zaidi. "Mafi," nikasema, na safari hii nilikuwa nimekasirika, kwa hiyo lilitoka safi kabisa. Wakatazamana. Wakaamua si mimi ninayejibu, ni kitu kilichoniingia, wakaanza kukikemea kitoke. Sasa aliyekuwa ndani ni mimi. Walikuwa wananikemea mimi nitoke.

Niliporudi kwenye chumba changu cha nyuma ya saluni, mdogo wangu wa kiume akafika kutoka nyumbani. Alikuja kwa basi kupitia Nimule, na vumbi la barabara ya Nesitu lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Hakujua hata neno moja la Kiarabu cha Juba. Akapiga magoti kando ya kitanda, akanishika mkono.

"Dada, ni mimi. Wanijua?"

Nilifurahi mno kumwona. Nikataka kumwambia karibu, umekula, mbona umekonda. Likatoka lile lile. Tatizo ni kwamba mdomo wangu ulikuwa umepinda, na ile f ilipita kwenye meno ikiwa imelegea, na kwa masikio ya mtu aliyetoka Kenya asubuhi ya jana neno lililofika lilikuwa la Kiswahili, lile ambalo mama yetu alitupigia makofi tukilitamka mezani.

Akaniachia mkono. "Dada?"

Nikarudia, kwa upendo wote. Akatoka nje akasimama karibu na jenereta, na kwa dirisha nilimwona anajipangusa uso kwa shati. Mwenzangu alimfuata akamweleza kwamba hilo si tusi, ni Kiarabu, maana yake hakuna. Akaelewa, lakini alikuwa ameshaamua. Dada yake aliyemlea kwa uji amempokea kwa mavi. Basi akili imekwenda, na mtu ambaye akili imekwenda hurudishwa nyumbani.

Mdogo wangu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alizungumza na mwenye nyumba, akamwambia tutauacha mlango, maana saluni na chumba vilikodishwa kwa jina langu, na mwenye nyumba akawa tayari ana mtu wa kuuza simu pale. Akaongea na mama kwa simu, wakakubaliana nitawekewa kiti nyuma ya jiko, kwenye kivuli, na mke wake atakuwa ananiogesha. "Damu nzito kuliko maji, dada," akaniambia. "Huku utaachiwa nani?"

Niliogopa kuliko siku ile chanuo lilipoanguka. Kile kiti nilikifahamu. Shangazi yetu alikaa hapo hapo, naye alikuwa amepigwa na kiharusi nikiwa msichana. Hakuna aliyemtesa. Walimlisha, walimwogesha, wakamzungumzia kwa "alikuwa" huku anasikia. Alikuwa mcheshi huyu. Alikuwa hodari wa kulima. Wageni walisalimia watu wote wakampita yeye. Alikaa akatunzwa hivyo hivyo mpaka akafa, na sijui kama kuna siku hata moja aliulizwa anataka nini.

Kwa hiyo nilikataa. Nilikataa kwa nguvu zangu zote, nikagonga kitanda kwa mkono wa kushoto. Mafi. Mafi. Mafi.

"Mwaona," mdogo wangu akamwambia mwenzangu kwa huruma. "Hukataa kila kitu. Hata maji huyakataa na anayanywa."

Alisema kweli, na hapo ndipo paliponiuma. Hapana yangu haikuwa na thamani kwa sababu sikuwa na ndiyo. Tulipokuwa wasichana tulifundishwa kwamba hewala haigombi. Hakuna aliyetufundisha kwamba asiye na hewala hata kugombana hawezi. Ili nikatae kwenda nyumbani, ilibidi kwanza nijifunze kukubali kitu, hata kama ni kikombe cha chai, na nijifunze kabla sijapakiwa kwenye basi.

Siku ya kupakiwa ilikuwa inajulikana. Mguu wa kulia nao ulikuwa umelegea, na mdogo wangu alisema tutaondoka nikiweza kupanda ngazi ya basi. Yaani nikifanya mazoezi ya mguu najiharakishia safari, nisipofanya nabaki kitandani, na mtu wa kitandani husafirishwa tu. Nikafanya. Sikukubali kununua kubaki kwangu Juba kwa mguu mbovu.

Mazoezi yalisimamiwa na dada mmoja wa hospitalini, mzaliwa wa hapa aliyekulia na kusomea Kenya akarudi. Siku ya kwanza hakunigusa. Alitugeukia sisi watatu akauliza, "Barabara yenu ya Gudele ikikatwa na mvua, watu wa boda hufanyaje?"

"Inapita kwa nyumba ya watu," mwenzangu akajibu.

"Na wakipita sana?"

"Inakuwa barabara."

"Ubongo pia ni hivyo. Ile njia iliyokatika imekatika. Lakini kuna uwanja pembeni, na tukipita hapo kila siku itakuwa barabara. Mkikaa mkingoja ile ya zamani itengenezwe, nyasi zitaota kote kuwili." Kisha akaushika mkono wangu mbaya. "Huu ulikuwa unafanya kazi gani? Upewe hiyo hiyo."

Mwenzangu akafunga nywele za kuongezea kwenye mgongo wa kiti changu cha mlangoni, akanigawia mafungu. Nilikaa hapo saluni ikiendelea, nikisuka kiti. Vidole vya kulia vilijikunja vikakataa kufunguka, nikavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, nikaviwekea unywele, vikaubana visiuachie. Nilichosuka kilifanana na kazi ya mtoto aliyesusia kuoga. Wateja walinitazama kwa kioo wakidhani sioni. Mdogo wangu hakuvumilia. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, dada. Pumzika." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo nilivyotaka kumjibu, lakini nilichokuwa nacho ni mafi, nikampa hilo, nikafumua nikaanza upya. Kidole cha pete hakijarudi kazini mpaka leo. Vingine vilirudi kwa aibu.

Asubuhi moja mdogo wangu alikuwa ananyoa ndevu mlangoni, anaimba kwa chini wimbo wa kanisa ambao mama huimba akisonga ugali. Bila kukusudia nikaingia naye. Nikauimba ubeti mzima, maneno yote, na kiitikio. Akageuka, povu nusu ya uso.

"Kumbe waweza kusema!"

Nilishangaa kuliko yeye. Nikajaribu kumwambia sijui limetoka wapi. "Mafi."

"Kwa hiyo unatuchezea? Nimeacha kazi na watoto kuja kuchezewa?" Akatupa wembe kwenye karai, akaondoka hajamaliza kunyoa. Dada wa mazoezi ndiye aliyemtuliza baadaye. Alimweleza kwamba nyimbo na sala zimelala chumba kingine cha kichwa, ambacho kiharusi hakikuingia, na kwamba mtu anaweza kuimba kanisa zima na bado ashindwe kuomba chumvi. Jioni hiyo mdogo wangu alikaa karibu nami akinimenyea karanga. Nilijua anaomba radhi. Lakini begi langu lilikuwa limeshatolewa chini ya kitanda.

Ndiyo yangu ilikuja siku ambayo sikuwa naitafuta. Mwenzangu alikuwa anasuka, amebana uzi kwa midomo kama kawaida yake, sindano iko mkononi. Mteja akachungulia mlangoni, akatazama kile kiti kingine, akauliza kama wanavyouliza wote, neno moja tu, kama kuna nafasi.

"Fi?"

Mwenzangu alikuwa na uzi mdomoni, hakuweza kujibu. Nikajibu mimi.

"Fi."

Mteja akaingia akakaa. Kwake hakuna kilichotokea. Mwenzangu uzi ukamwanguka. Akaja akanishika mabega, akanitazama machoni kwa muda, halafu akaanza kucheka. "Wewe! Hiyo ndiyo yako nalala ndani ya hapana, siku yote! Kata hiyo kichwa, sema mkia."

Ilikuwa rahisi kusema, na kutenda kulikuwa vita. Mtu akiniuliza "fi?" niliweza kumrudishia. Akiniuliza kwa Kiswahili, ile ma ilitangulia yenyewe, nami sikuwa na breki. Tulihangaika nayo kwenye kioo, mimi na yeye, mlango umefungwa, kwa sababu sikutaka mdogo wangu aione ikiwa bado mbichi. Hatimaye nikagundua hila. Kusema ma lazima midomo ikutane. Kusema fi, mdomo wa chini unakutana na meno tu. Basi nikiinua mdomo wa juu kwa kidole, ma haina pa kushika. Kwenye kioo nilifanana na mbwa anayeonyesha meno, na nilijipenda hivyo.

"Kwa kidole ya kuume," mwenzangu akasema. "Hiyo goigoi. Nayo ifanye kazi."

Siku ya kupanda ngazi ikafika, nikazipanda zile za hospitalini, na mdogo wangu akakata tiketi. Asubuhi ya safari begi lilikuwa mlangoni. Mwenye nyumba alikuja kuchukua ufunguo, akasimama kwenye kizingiti akiuchezea mkononi. Mwenzangu hakuwa anasuka mtu. Alikuwa amekaa amekunja mikono, na nilijua nikishindwa atanililia mpaka Nimule.

"Dada, uko tayari?" mdogo wangu akauliza.

"Mafi."

Akatabasamu kwa huzuni. "Hilo na tulihesabu kuwa ndiyo," akamwambia mwenye nyumba.

Hasira iliyonipanda ningeweza kuendeshea jenereta. Hapana yangu, mbele ya macho yangu, imegeuzwa ndiyo na mtu niliyemfundisha kuongea.

"Ngoja," mwenzangu akasema. "Muulize kitu ingine. Muulize chai."

"Basi la watu litaondoka."

"Muulize."

Akaniuliza, ili kumridhisha. "Dada, utakunywa chai?"

Nikaanza kuinua mkono wa kulia. Ulipita tumboni, ukakwama kifuani ukitetemeka, ukaendelea. Mwenye nyumba alitazama pembeni, nadhani alifikiri nataka kulia. Kidole kilifika puani kwanza, kikateleza, kikaupata mdomo, nikauinua.

"Fi."

Mdogo wangu alikuwa ameshakaa Juba vya kutosha kununua sukari mwenyewe. Akalielewa. Akavuta kile kiti changu cha mlangoni, chenye misuko yangu mibovu mgongoni, akakaa.

"Mama yetu yuko hai?"

"Fi."

"Na baba?"

Nikashusha kidole. "Mafi."

"Mimi ndiye kifungua mimba?"

"Mafi," nikasema haraka, na mwenzangu akaangua kicheko.

"Ni wewe?"

Nikainua mdomo. "Fi."

Niliona mambo yakimpitia usoni moja baada ya jingine, kiti cha nyuma ya jiko, simu zote alizompigia mama akiwa kando ya kitanda changu, dada alikuwa hivi, dada alikuwa vile.

"Ulikuwa unasikia," akasema. "Muda wote huo."

"Fi."

Akajifunika uso kwa viganja. Nilimhurumia, nami huruma siigawi ovyo. Mwenye nyumba akakohoa, akauliza mlango unaachwa au hauachwi, kwa maana yule mtu wa simu anangoja.

Mdogo wangu akatoa mikono usoni. Hakuuliza kama mtu anavyomuuliza mgonjwa. Aliuliza kama mdogo anavyomuuliza mkubwa wake. "Dada. Twende nyumbani?"

Kwa hilo sikuhitaji kidole. Nikauacha mkono upumzike pajani, nikamtazama sawasawa.

"Mafi."

Hakuna aliyelihesabu kuwa ndiyo. Mwenye nyumba aliutazama ufunguo, akanitazama, akauweka juu ya meza, kando ya machanuo.

"Basi nirudi peke yangu?" mdogo wangu akauliza.

Mkono ulikuwa umechoka, haukuinuka tena. Nikaachanisha midomo mwenyewe, nikaizuia isikutane, jasho likanitoka.

"Fi," nikasema.